Dhiraa Saba za Mji wa Kale

Anayeingia Mji wa Kale wa Mombasa kutokea Barabara ya Digo huuona mji ukibadilika chini ya nyayo zake. Hatua chache zilizopita alikuwa katikati ya honi za matatu na makelele ya wachuuzi wa Marikiti. Sasa njia imejikunja, imepungua upana, na vivuli vya nyumba za ghorofa vimelikinga jua. Sauti zinazosikika ni za karibu: mwiko ndani ya sufuria, watoto wakisoma juzuu, mtu akijibu salamu kutoka dirisha la juu. Akiendelea kufuata vichochoro ataifikia Ndia Kuu, inayoanzia karibu na ngome ya Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na kuelekea upande wa Bandari ya Kale. Ndia, kwa Kimvita, ni njia. Mgeni aliyezoea barabara za Nairobi hucheka akiambiwa kwamba hii ndiyo njia kuu, kwani tuktuk mbili zikikutana hapo madereva wake huweza kupeana mikono bila kuteremka.

Tulikuwa tumekwenda kutazama milango ya nakshi, na alasiri yetu ikaishia kwenye lori.

Lilikuwa lori la magurudumu kumi, limebeba mifuko ya simiti, na lilikuwa limekwama kwenye kona ya kichochoro kati ya Ndia Kuu na Kibokoni. Bega lake la kushoto lilikuwa limegusa ukuta, gurudumu la nyuma la kulia limepanda ukingo wa baraza, na mbao za juu za bodi yake zimeingia chini ya roshani ya nyumba ya kona. Haliendi mbele, halirudi nyuma. Dereva alikuwa kijana wa bara, shati limemganda mgongoni kwa jasho, naye alikuwa akirudia neno moja kwa kila aliyemsogelea: simu imemwambia njia inatokea. Na kwa kweli njia inatokea. Ramani ya simu huonyesha mstari. Haionyeshi baraza, wala roshani, wala mama aliyekaa mlangoni akichagua mchele.

Wanaume walikuwa wamekwisha kujaa, na kila mmoja amekuwa dereva. Huyu anapiga kelele avute nyuma, yule asema akate kulia, mwingine anagonga bodi kwa kiganja kana kwamba lori ni ng'ombe. Injini ilikuwa ikinguruma na moshi wake ukipanda moja kwa moja kwenye madirisha. Hapo ndipo alipotoka mwenye baraza, mama wa makamo, leso kichwani.

"Mwanangu, zima gari kwanza," alimwambia. "Ukuta haukimbii."

"Shikamoo, mama. Nisamehe. Hasara hii nitakatwa kwenye mshahara."

"Marahaba. Hasara tutaihesabu baadaye. Zima."

Akazima. Kimya kiliporudi, watu wakaanza kusikizana.

Jambo lililotutia hofu halikuwa lori lenyewe. Nyuma yake, katika nyumba ya tatu, alikuwako bibi mgonjwa wa figo ambaye saa yake ya kusafishwa damu ilikuwa imekaribia. Tuktuk iliyokuja kumchukua ilisimama upande wa pili wa lori na haikuwa na pa kupita. Wanawe walijaribu kumpitisha ubavuni mwa gari wakaona nafasi haimtoshi hata mtu mwembamba aendaye upande upande. Mama mwenye baraza hakungoja kuombwa. Nyumba yake, kama nyumba nyingi za pale, ina mlango wa mbele na mlango wa uani unaotokea kichochoro kingine. Aliingia ndani, akawaambia mabinti wajisitiri chumbani, akalishika pazia kwa mkono mmoja. Vijana wanne wakambeba bibi yule juu ya kiti cha plastiki, wakapiga hodi, wakapita sebuleni, wakapita jikoni ambamo ubuyu ulikuwa bado motoni, wakatokea uani na kuzunguka hadi kwenye tuktuk. Wageni wasiojulikana walipita katikati ya sitara ya nyumba ya watu, na macho yao yote yalikuwa chini. Bibi yule, akipita, alimwombea dua mwenye nyumba kwa sauti ambayo sisi tuliokuwa mlangoni tuliisikia sawasawa.

Lori lilitolewa kwa akili ya mzee mmoja aliyewahi kuwa hamali wa Bandari ya Kale. Vijana walitaka kushusha mzigo mara moja, ili gari liwe jepesi na kusukumwa. Mzee akawakataza. Lori lililoshiba huinama, alisema. Ukiliondolea mzigo springi zake hunyanyuka, na likinyanyuka pale lilipo, litaing'oa roshani nzima. Akaamuru magurudumu yapunguzwe upepo kwanza, mpaka bodi iachane na mbao za roshani kwa upana wa vidole viwili. Kisha mifuko ikashushwa kidogo kidogo, na kila gari liliponyanyuka upepo ukapunguzwa tena. Mikokoteni minne iliitwa. Adhana ya Maghribi ilitukuta bado pale, watu wakaenda kusali kwa zamu msikitini na kurudi. Ilipokaribia Isha lori lilirudishwa nyuma taratibu, utingo akitangulia na tochi ya simu, hadi penye uwazi. Na hapo magurudumu yakajazwa kwa mpira uliounganishwa na tangi la upepo la lori lenyewe. Roshani ilipoteza nguzo mbili ndogo. Baraza lilipoteza pembe yake. Simiti ilimfikia mwenye kujenga usiku ule ule, kwa mkokoteni, kwa malipo ambayo alitaraji kuyakwepa.

Ni rahisi kumcheka dereva, na wengi walimcheka. Sisi tuliondoka tukifikiri kuhusu upana wa ile njia, na nani aliyeupima.

Mtume wetu (S.A.W.), kama alivyopokea Abu Huraira (R.A.), alihukumu kwamba watu wakihitilafiana juu ya njia, ifanywe dhiraa saba. Imam Bukhari aliiweka hadithi hiyo katika kitabu cha dhulma, mahali ambapo msomaji wa leo huenda asingeitafuta, kwa kuwa tumezoea kudhani kwamba upana wa barabara ni kazi ya mainjinia. Wanawake wanaonunua vitambaa wanajua dhiraa: ni kutoka kisukusuku hadi ncha za vidole, karibu nusu wari. Dhiraa saba basi ni kama mita 3.2. Wanavyuoni wametaja kwamba kipimo hicho kinatosha wanyama wawili wenye mizigo kupishana. Sasa chukua kontena lile linaloshushwa Kilindini kila siku: upana wake ni mita 2.44, na urefu wa lile kubwa ni zaidi ya mita 12. Ukiliingiza katika dhiraa saba hubakiwa na chini ya nusu mita kila upande, na hapo hujahesabu baraza lolote wala mlango ulio wazi wala mtoto.

Na hiyo ni njia iliyonyooka. Penye kona hesabu huharibika kabisa, maana magurudumu ya nyuma ya gari refu hayafuati nyayo za yale ya mbele; hukata kwa ndani. Dereva akiona kichwa kimepita salama, mkia uko juu ya baraza la mtu. Kadiri gari linavyorefuka ndivyo mkia unavyokata zaidi. Punda hana shida hiyo.

Hata roshani zina sheria yake. Imam Nawawi, katika Minhaj, kitabu ambacho masheikh wetu wa madhehebu ya Shafii wamekisomesha kwa vizazi, anaizungumzia njia ya watu wote katika mlango wa suluhu. Anasema haifai kutokeza juu yake kitu chenye kuwadhuru wapitao. Roshani, au chumba kinachovuka njia kutoka nyumba hadi nyumba, sharti kiwe juu kiasi cha mtu kupita chini yake amesimama wima. Na ikiwa ni njia ya wapanda farasi na misafara, basi kinyanyuliwe hadi apite ngamia aliyebeba machela pamoja na miti ya kivuli chake. Kwa hiyo fundi aliyeijenga roshani ya ile kona hakuwa mzembe. Jirani hakudhuriwa, mpitaji hakuinama, mzigo wa mnyama ulipita. Kilichopita pale alasiri ile kilikuwa na kimo ambacho hakuna aliyekuwa na haja ya kukifikiria.

Tumesikia wakisema kwamba mji ule ulijengwa kiholela, ovyo ovyo, bila mpango. Maneno hayo hatuyakubali. Vyumba vya nyumba za mawe ni vyembamba kwa sababu dari zake hushikwa na boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake. Kuta ni nene kwa sababu ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Njia ni nyembamba kwa sababu kivuli kilitakiwa na upepo wa bahari ulihitaji mfereji wa kupitia. Kila kipimo kina jibu lake. Ni mji uliopimwa kwa mwili wa mtu na mgongo wa mnyama.

Mzigo nao ulikuwa na adabu yake. Majahazi yalipokuja na kaskazi, yakileta tende na mazulia kutoka Ghuba, hakuna aliyetaraji jahazi lifike mlangoni kwake. Mzigo ulikatwa bandarini, ukachukuliwa na hamali, ukatiwa mabegani au kwenye mkokoteni, ukafika nyumbani vipande vipande. Hata Waingereza walipoingia hawakuweza kuushinda wembamba huo. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20 walitandaza reli nyembamba katika njia za Mombasa, na juu yake wakapitisha vigari vidogo vyenye kiti na kitambaa cha kivuli, vikisukumwa na watu kwa miguu. Picha zake bado zipo. Ukizitazama utaona bwana mkubwa ameketi na kofia yake, na nyuma yake watu wawili wakisukuma; jambo lisilopendeza, ila angalau kile kigari kililingana na njia.

Neno la njia hizo lilikuwa "Simile!" Mahamali waliliita wakija na mzigo, ili watu wajibane ukutani. Wengine husema asili yake ni Bismillahi, na huenda ndivyo. Aliyeita simile alikuwa akiomba ruhusa kabla ya kufika. Honi huja baada ya gari kuwa mgongoni mwako.

Tukirudi kwenye malori: yanaingia kwa sababu yanaitwa. Mtu anaongeza ghorofa ya tatu juu ya nyumba ya babu yake, anataka mchanga, kokoto na simiti, na anaona kwamba kulipa lori na kisha kulipa mikokoteni ni kulipa mara mbili. Hatumlaumu kwa kuhesabu shilingi. Mkokoteni hubeba mifuko minane au kumi kwa safari, lori la tani 15 hubeba 300, na ujenzi siku hizi si mzaha. Lakini mwenye kupiga simu ndiye anayeijua njia. Anajua kona iko wapi na roshani iko wapi. Dereva hajui, ametumwa na tajiri ambaye pia hajui, na gari likikwama atakayetukanwa ni yeye, atakayekatwa ni yeye, na atakayelala njaa njiani kuelekea Mariakani ni yeye. Kumwambia mtu "njoo tu, panapitika," hali unajua panapitika kwa kubahatisha, ni kumtupia mwenzio hatari usiyotaka kuibeba.

Gharama nyingine haionekani siku hiyo. Wakaao ghorofani walituonyesha nyufa zinazoanzia pembe za madirisha. Chokaa ya kale huvumilia mvua na chumvi, lakini mtikisiko wa tani nyingi zikipita chini ya ukuta ni kitu kingine. Mabomba ya maji yamezikwa karibu na uso wa njia. Gurudumu likizama, mtaa mzima huchota maji kwa ndoo. Nyaya za umeme zimening'inia kwa kimo cha kuungua. Na kile kichochoro kilichozibwa na lori la simiti ndicho kichochoro cha gari la wagonjwa, cha zimamoto, na cha jeneza. Akina mama tuliozungumza nao walilitaja jeneza kwanza.

Baadhi ya mitaa imejitafutia dawa. Pana mahali vijana wamesimika nguzo za chuma mdomoni mwa kichochoro, pana mahali yamewekwa mawe makubwa ya matumbawe. Dawa hii ina kasoro yake, kwani nguzo haichagui kati ya lori na gari la wagonjwa. Tulipendezwa zaidi na utaratibu tuliouona upande mmoja wa Kibokoni, ambako wenye kujenga hukubaliana na mahamali mapema, lori likasimama penye nafasi pembezoni mwa mtaa baada ya sala ya Alfajiri, na kufikia saa mbili asubuhi mzigo wote umekwisha ingia na njia imefagiwa kabla watoto hawajatoka.

Mwezi uliofuata tulisafiri kwenda Amu, na huko tuliuona utaratibu huo huo ukiwa hauhitaji kukubaliwa na mtu, kwa sababu bahari imekwisha kuuamua. Mombasa ni kisiwa pia, lakini daraja la Makupa na daraja la Nyali yameifungamanisha na bara, na lori likitoka Mariakani huweza kuendelea hadi pua yake iguse ukuta. Kwenda Amu, barabara huishia Mokowe. Malori husimama gatini, madereva wake hushuka wakanunua chai, na simiti, unga, soda na vitanda vya maharusi huhamishiwa kwenye mashua. Hatukumwona dereva hata mmoja aliyekuwa na wasiwasi.

Mji wa Amu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na vichochoro vyake vingi ni vyembamba kuliko vya Mombasa. Usita wa Mui, njia yake kuu, ungemfanya mtu wa Ndia Kuu ajione anatoka mji wa mabarabara. Mahali pengine mna wikio, vile vyumba vinavyovuka njia juu kwa juu ili wanawake wa nyumba mbili za jamaa watembeleane bila kushuka chini. Mtu mrefu hutazama juu kabla ya kupita. Kuna pikipiki siku hizi, hasa upande wa pwani, na wenyeji hawakosi la kusema juu yake. Ila mzigo wa ujenzi bado ni wa punda.

Tulimfuata mmoja. Alitoka gatini akiwa na magunia ya mchanga, moja kila ubavu, mwenyewe akitembea nyuma na fimbo asiyoitumia. Alipofika penye mteremko alipunguza mwendo bila kuambiwa. Mama mmoja alikuwa anatoka mlangoni na kikapu. Akarudi hatua moja kwenye daka, punda akapita, akatoka. Wasichana wawili wa madrasa walijibana ukutani huku wakiendelea na mazungumzo yao. Kwenye nyumba iliyokuwa ikikarabatiwa fundi alipokea magunia, akayamwaga ndani ya ua, akatia alama ya mkaa ukutani kuhesabu safari. Ilikuwa ya kumi na moja, na bado asubuhi. Tulimwuliza mwenye punda kama safari hizo zote hazichoshi.

"Mimi au yeye?" alisema, akicheka, na akakunja magunia matupu mgongoni mwa mnyama. Kichochoro kilikuwa na upana wa mikono miwili iliyonyooshwa. Punda akageuka pale pale aliposimama, akaanza kurudi gatini.